Doria ya dakika 15: kuipanga na kuipima

Gari la polisi linalozungukazunguka mjini bila mpango halizuii uhalifu. Polisi wa Kansas City, Marekani, walilipima jambo hilo mwaka 1972 hadi 1973: doria za aina hiyo zikiongezwa au zikiondolewa, uhalifu ulibaki palepale. Kinachozaa matunda ni kuwapeleka askari kwenye vipande vichache vya mtaa ambako watu huumizwa mara kwa mara. Huko Minneapolis, pia Marekani, asilimia 3 tu ya anwani zilitoa nusu ya simu zote za kuwaita polisi.

Anza na kumbukumbu za miaka miwili au mitatu. Kila tukio la kupiga, kuchoma kisu, unyang'anyi au mauaji liweke kwenye ramani mahali hasa lilipotokea. Kazi nyingi huharibikia hapa. Majeruhi aliyepokelewa hospitali huandikwa kana kwamba alishambuliwa hospitalini, na aliyekuja kulalamika kituoni hupewa anwani ya kituo. Soma maelezo ya jalada moja moja, usahihishe. Inachosha, lakini ramani mbovu itawapeleka askari kusikohitajika. Iombe pia hospitali idadi ya majeruhi kwa mahali na saa, bila majina, kwa kuwa wengi wao hawafiki polisi kamwe. Cardiff, Wales, wamefanya hivyo kwa miaka mingi.

Eneo liwe dogo: kipande kimoja cha barabara, askari akisimama mwanzo aone mwisho. Orodhesha kama 40, kisha piga kura ya bahati nasibu: 20 yapate doria, 20 yaendelee na huduma ya kawaida, simu za dharura zikiitikiwa kama siku zote. Bila kura utajidanganya, maana mtaa uliopatwa na mwezi mbaya kupita kiasi mara nyingi hutulia wenyewe.

Askari washuke garini, watembee na kuzungumza na watu kwa dakika 10 hadi 15, waondoke, warudi kwa saa isiyotabirika. Upekuzi wa kila kijana anayepita hauhitajiki, tena huwafanya mashahidi wafunge midomo. Saa za kufika na kuondoka zirekodiwe na kifaa cha kufuatilia mahali. Daftari hujazwa jioni kwa kukisia.

Hesabu matukio katika makundi yote mawili na kwenye mitaa jirani, ujue kama uhalifu umehama. Philadelphia, mwaka 2009, doria za miguu zilipunguza uhalifu wa kutumia nguvu kwa asilimia 23. Askari walipoondolewa, nafuu hiyo ilififia, kwa hiyo bajeti ya kuendelea itengwe kabla ya siku ya kwanza.