Jinsi ya kutafsiri Kiingereza cha King James bila kuchapia

Mi ni mkalimani wa kanisani, mgeni akihubiri kwa Kiingereza nasimama pembeni yake natafsiri hapohapo. Wengi wa wageni wangu wanasoma King James, tafsiri ya Biblia kwa Kiingereza ya mwaka 1611, na sehemu kubwa ya Agano Jipya lake imetoka kwa mtafsiri aliyemtangulia, William Tyndale, ambaye lake lilichapwa 1526, kwahiyo unasimama mbele ya watu na maneno ya miaka mia nne na zaidi mdomoni. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Ogopa neno unalolijua.

Neno kama "peradventure" halina shida, unajua kabisa hulijui, utaenda kulitafuta (ni "labda"). Linalokuangusha ni lile unalolitumia kila siku. Mwaka wangu wa kwanza mgeni alisoma 1 Wathesalonike 4:15, "shall not prevent them which are asleep", na mi bila kusita nikasema hatutawazuia waliolala. Baada ya ibada bibi mmoja wa kwaya ya akina mama akaniita, Biblia ya Union, ile ya Kiswahili, iko wazi mapajani, kidole kwenye mstari, akasema mwanangu, hapa pameandikwa hatutawatangulia, we umetoa wapi kuzuia? Nikakosa jibu. Nilivyofika nyumbani nikatafuta, kumbe "prevent" inatoka kwenye Kilatini, prae ni mbele na venire ni kuja, yani kuja mbele, kutangulia, na enzi za 1611 maana hiyo ilikuwa hai kabisa. Maana ya kuzuia ndo iliyobaki leo, kwasababu anayekutangulia njiani anaweza kukuzibia.

Zile zinazonasa watu zaidi ni hizi, zishike kichwani. "Suffer" ni kuacha, kuruhusu, kwahiyo "suffer the little children to come unto me" hakuna mtoto anayeteseka pale, ni "waacheni watoto wadogo waje kwangu". "Conversation" ni mwenendo, sio maongezi, angalia 1 Petro 1:15. "Quick" ni hai, ndo maana Matendo 10:42 kuna "quick and dead", walio hai na wafu, na hadi leo Waingereza wanaita hivyo ile nyama laini ya chini ya ukucha, ukikata kucha ukaigusa unajua mwenyewe kwanini inaitwa hai. "Meat" ni chakula chochote. Mwanzo 1:29 Mungu anawapa watu mimea na matunda "for meat", sasa ukisema nyama pale utakuwa umewapa nyama ya majani.

Alafu kuna "let", hii naipa aya yake. Warumi 1:13 Paulo anasema alitaka kuja "but was let hitherto". Ukisema aliruhusiwa umegeuza mstari mzima, maana Union inasema nikazuiliwa. Ni kwamba Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili tofauti, kimoja kuruhusu na kingine kuzuia, baadaye vikaja kufanana sauti na tahajia, na kile cha kuzuia kikafifia. Kimebaki sehemu chache, mfano pasi za kusafiria za Uingereza zina "without let or hindrance", na kwenye tenisi mpira wa kuanzia ukigusa wavu alafu ukaangukia ndani ya eneo lake unaitwa let.

Hatua ya 2: Angalia nani anaambiwa.

Hapa sisi Waswahili tuna bahati jamani. Kiingereza cha leo "you" ni mmoja na ni wengi, lakini cha King James kinatenganisha kama sisi: "thou" na "thee" ni wewe, "ye" na "you" ni ninyi. Chukua Luka 22:31 na 32. Yesu anaongea na Petro, anasema Shetani "hath desired to have you", alafu "I have prayed for thee". Anayesoma Kiingereza cha kisasa anaweza kudhani yote ni Petro. Sio, Shetani amewataka ninyi, wote, lakini nimekuombea wewe, Simoni. Ukiipitisha haraka umepoteza uzito wote wa ule mstari.

Na vitenzi vinakusaidia: "-est" inaenda na thou, "-eth" inaenda na yeye. Goest ni unaenda, goeth ni anaenda. Wanaoandika kadi za harusi "thou goeth" wanakosea, hiyo ni sawa na kuandika "wewe anaenda".

Hatua ya 3: Kwenye mahali, jiulize anakuja au anatoka.

"Where" ni wapi, "whither" ni kuelekea wapi, "whence" ni kutoka wapi. Vivyo hivyo here, hither, hence, na there, thither, thence. Ila "wherefore" usiiweke kundi hili, hiyo ni kwa nini. Juliet wa tamthilia ya Shakespeare akiita "wherefore art thou Romeo" hamtafuti Romeo alipo, anauliza kwa nini uwe Romeo, mtoto wa ile familia ambayo kwetu ni maadui.

Hatua ya 4: Fungua Union, alafu kamusi.

Ukiona mstari haueleweki linganisha na Union kwanza, ni haraka kuliko kamusi yoyote, ila nayo ina maneno yake ya kale, palepale Luka 22 kuna "imani yako isitindike", yani isipungue ikaisha, hilo nalo lieleze. Kamusi nzuri kuliko zote kwa kazi hii ni ya Oxford ile kubwa, toleo la kwanza lilikamilika 1928, inapanga maana kuanzia ya zamani kwenda mpya na kila maana ina mifano yenye mwaka. Usisome maana ya juu ukaondoka! Tafuta mfano wa karibu na 1611, hiyo ndo maana yako. Ukiona alama ya msalaba mdogo pembeni ya neno au maana, ujue haitumiki tena.

Hatua ya 5: Omba mistari mapema.

Mgeni akifika mwambie akupe mistari yake siku mbili kabla. Isome kwa sauti, piga mstari chini ya kila neno la hatua ya 1, andika Kiswahili chake pembeni kwa penseli. Siku hizi kabla ya ibada nampelekea yule bibi karatasi yangu aipitie, na mara mbili ameshanirudishia.