Somo: Victoria na Tanganyika, ziwa lipi lina maji mengi? Tukokotoe kwa vipeo vya 10

Kwenye ramani Ziwa Victoria linatawala: kilometa za mraba 68,800, wakati Tanganyika ni 32,900 tu. Ila eneo siyo maji. Wastani wa kina cha Victoria ni mita 40, wa Tanganyika mita 570. Ujazo ni eneo mara kina, kwa hiyo tunaweza kujua wenyewe bila kuzama kwenye msururu wa sifuri.

Hatua ya 1: Vipimo vilingane. Eneo liko kwenye kilometa, kina kiko kwenye mita, basi usizidishe bado. Kilometa moja ni mita 10³ (yaani 10 × 10 × 10; hiyo 3 ndogo ya juu ndiyo kipeo), lakini kilometa moja ya mraba ni mita 1,000 kwa 1,000, yaani mita za mraba 10⁶. Hapa ndipo wengi wanapoangukia: wanaweka 10³, jibu linapungua mara elfu, na kikokotoo hakiwaambii kitu.

Hatua ya 2: Andika kwa kipeo. Mbele ya nukta ibaki tarakimu moja isiyo sifuri. 68,800 ni 6.88 × 10⁴, kwa sababu nukta imehama nafasi nne kwenda kushoto. Mara 10⁶ inakuwa 6.88 × 10¹⁰. Tanganyika: 3.29 × 10¹⁰. Vina: 4 × 10¹ na 5.7 × 10².

Hatua ya 3: Zidisha namba za mbele, jumlisha vipeo.
Victoria: 27.52 × 10¹¹, yaani 2.752 × 10¹² mita za ujazo.
Tanganyika: 18.753 × 10¹², yaani 1.8753 × 10¹³.

Hatua ya 4: Gawanya, toa vipeo. 1.8753 ÷ 2.752 ni 0.68, 13 − 12 ni 1. Jibu: 6.8. Tanganyika, lisilofika hata nusu ya Victoria kwa eneo, lina maji karibu mara saba! Mimi huwa nawaambia wanafunzi wachore kina chake ubaoni ndipo waamini.

Maswali

*Mwalimu, kikokotoo changu kinaonyesha 1.8753E13. Nimekosea?*
Hapana. E13 ni "mara 10 kipeo 13". Kwenye daftari andika × 10¹³, na kwa kuwa vina ni vya makadirio, 1.9 × 10¹³ inatosha.

*Nikitaka maji ya maziwa yote mawili, najumlisha vipeo pia?*
La, hiyo ni ya kuzidisha. Kwenye kujumlisha, vipeo vifanane kwanza: 2.752 × 10¹² iandike 0.2752 × 10¹³, ndipo ujumlishe na 1.8753. Unapata takriban 2.15 × 10¹³.

*Nasoma maabara, sisi vitu vyetu ni vidogo. Inafaa?*
Inafaa sana, dada. Chembe nyekundu ya damu ina kipenyo cha takriban mita 8 × 10⁻⁶. Milimeta moja ni mita 10⁻³. Gawanya: 0.125 × 10^(−3 − (−6)), yaani 0.125 × 10³. Chembe 125 zikipangwa mstari mmoja zinajaza milimeta. Angalia tu alama ya kutoa mbele ya −6. Ukiisahau utapata 10⁻⁹.