Kusoma masta ya uhasibu ukiwa Kigoma na kazi hujaacha: anza na data, chuo baadaye

Wakuu habari za muda huu. Kuna swali naulizwa sana na wadogo zangu wa hapa mwisho wa reli, mtu kamaliza digrii ya uhasibu miaka mitatu minne iliyopita, kapata kazi halmashauri au hospitali au kwenye saccos, sasa anataka masta na swali lake la kwanza huwa "bro, chuo gani kizuri?" Mimi huwa namjibu na swali, data yako utaitoa wapi? Anashangaa. Ila ndiyo hivyo, watu wengi ninaowajua walioanza masta wakaishia njiani hawakukwamishwa na masomo ya darasani, darasani unapiga sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, maisha yanaendelea, walikwama kwenye risechi, wana miaka mitano sasa bado "wapo chapta ya tatu".

Kabla ya yote jiulize unataka masta au unataka CPA, ile sifa ya kitaaluma ya uhasibu, maana kuna watu wanachanganya. Kama lengo lako ni kusaini hesabu za wateja kama mkaguzi, masta haikupi hiyo ruhusa hata uwe nazo mbili, njia ni Bodi ya wahasibu na wakaguzi, yaani NBAA, na mitihani yao iko Mei na Novemba. Kama unataka kufundisha chuoni, kupanda huko juu au baadaye uende PhD, hapo masta ina kazi yake (na kwa wanaotaka kufundisha, vyuo vinaangalia mpaka GPA ya digrii ya kwanza, usidhani masta itaifuta). Kufanya vyote viwili mwaka mmoja na kazi juu? Nilijaribu. Novemba ile sitaki kuikumbuka.

Kuhusu chuo sitakaa sana. IFM wapo Dar, IAA Arusha, Mzumbe Morogoro, ila kabla hujapanda treni pita kwanza kampasi ya TIA (Taasisi ya Uhasibu) hapahapa mjini, na Chuo Kikuu Huria wana kituo cha mkoa, uchukue prospektasi ya mwaka huo usome kwa macho yako, usitegemee ya kuambiwa kijiweni. Vyuo vingi vinataka GPA kuanzia 2.7 kwa masta, ukiwa chini ya hapo ulizia stashahada ya uzamili kwanza, si aibu, ni daraja tu. Angalia pia masomo yanaendeshwaje, kama ni jioni kila siku na chuo kiko Dar basi hapo inabidi ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, siyo ya mdomo, bosi anaweza kuhamishwa na ruhusa yake ikahama naye.

Sasa darasani. Kosa langu kubwa nilikuwa nakariri viwango vya IFRS, yaani kanuni za kimataifa za kuandaa hesabu, nafungua IAS 41, ile ya kilimo, naisoma usiku, asubuhi naweza kuitaja yote, nikifika kwenye swali la mtihani nakwama mstari wa pili. Kilichonisaidia ni kutembea na viwango mtaani. Chukua mchikichi, kitu ambacho mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa. Mti wenyewe unazaa miaka mingi, kwa hiyo tangu 1 Januari 2016 umetolewa kwenye IAS 41 ukapelekwa IAS 16, ile ya mali za kudumu, unautendea kama mashine, unakusanya gharama mpaka ukomae halafu unaanza kukata uchakavu. Lakini mikungu ya chikichi iliyoko juu ya mti bado iko IAS 41, unaipima kwa thamani ya soko ukitoa gharama za kuuza. Ukishaikata, ile thamani ya siku ya kukata ndiyo inakuwa gharama yako ya kuanzia unapoingia IAS 2, ile ya stoku, na mawese yakishakamuliwa ni stoku kama stoku nyingine. Mti mmoja viwango vitatu! Linganisha na tumbaku ya ndugu zetu wa Tabora, ule mmea ukishavunwa msimu umekwisha, haurudi kuzaa mwakani, kwa hiyo hauendi IAS 16, unabaki IAS 41 mpaka siku ya kuvuna.

Halafu nenda Kibirizi, kule ufukweni kwa wavuvi. Dagaa walioko ziwani ni mali ya kibiolojia ya nani? Si ya mtu, maana hakuna anayewalea, IAS 41 inataka uwe unasimamia ukuaji wao, kuvua tu samaki wa ziwani hakuhesabiki. Mtumbwi na nyavu ni IAS 16, dagaa walioanikwa ni stoku. Akitokea mtu anafuga sato kwenye bwawa, huyo ndiyo anaingia IAS 41. Swali kama hili likija kwenye mtihani limevaa nguo nyingine, sijui shamba la mipira sijui msitu, wewe tayari unalo jibu kichwani kwa sababu uliliona ufukweni.

IFRS 16, ile ya mikataba ya kupanga, nayo niliielewa kwa fremu ya duka hapa Mwanga mjini. Tuseme mtu kapanga miaka 3, laki mbili kwa mwezi analipa mwisho wa mwezi, riba 1.5% kwa mwezi. Jumla atalipa 7,200,000 ila deni analoandika siku ya kwanza ni thamani ya leo ya hizo pesa, kama 5,532,000, ile tofauti ni riba atakayoitambua kidogo kidogo. Piga mwenyewe kwenye Excel, usikubali kuangalia tu majibu ya mwenzako, miezi yote 36 mpaka deni lifike sifuri. Likigoma kufika sifuri umekosea mahali, tafuta. Mkataba ukiwa wa miezi 12 kushuka chini unaruhusiwa kuacha hayo yote ukaandika kodi kama gharama, hilo watu wanalisahau wanajitesa bure.

Vitabu visikutishe bei. Viwango vya IFRS unavisoma bure kwenye tovuti ya wenyewe ukijisajili, vya IPSAS, yaani vya hesabu za serikali, vinapakuliwa bure, na Bodi wanaweka mitihani iliyopita na majibu yake. Pakua ukiwa na bando la usiku, weka kwenye laptopu na kwenye flashi, maana umeme wetu mnaujua.

Haya, risechi. Hapa ndipo nilipopoteza mwaka mzima. Mada yangu ya kwanza ilikuwa kubwa ya kupendeza, mambo ya mtaji na faida kwa kampuni za soko la hisa la Dar, supavaiza akaniuliza swali moja tu, kampuni ziko ngapi? Hazifiki hata 30, ukitoa mabenki ambayo mizania yao ni habari nyingine zinabaki za kuhesabu kwa vidole. Nikahamia dodoso, nikasambaza kwa wahasibu, wengine waliniahidi "kesho njoo" mpaka leo hiyo kesho haijafika. Tena kwa fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya watu wa kuwahoji, wafanyakazi 120 kwa kosa la 5% unahitaji 92 wajaze, nani atakujazia dodoso 92 wakati wa kufunga hesabu?

Kilichonitoa ni ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali. Ziko wazi, zinapakuliwa, huombi ruhusa ya mtu kuzisoma, na zimetaja halmashauri moja moja, hati ya ukaguzi iliyopata, hoja za mkaguzi zilizofungwa na zisizofungwa, makusanyo ya ndani. Kigoma tuna halmashauri 8, chukua miaka 8 una mistari 64 ya data, ongeza za Tabora nazo 8 unafika 128, hapo regresheni, yaani hesabu ya kupima uhusiano, inakaa vizuri na supavaiza anatulia. Mada inajitokeza yenyewe, mfano je halmashauri inayokusanya vizuri mapato ya ndani inafunga hoja haraka au hakuna uhusiano? Jaza kwenye Excel kwanza, mstari mmoja ni halmashauri moja kwa mwaka mmoja, safu ya mwisho andika namba ya ukurasa wa ripoti ulikotoa hiyo namba. Hiyo safu ya mwisho itakuokoa siku ya viva, siku ya kuitetea risechi yako mbele ya jopo, niamini, mjumbe mmoja aliniuliza namba moja imetoka wapi na nikamfungulia ukurasa palepale, hakuuliza tena.

Anza kujaza hilo faili kabla hujaomba chuo. Ndiyo maana nilisema data kwanza, maana ukilijaza ukakuta miaka mingine haina namba unayoitaka, unabadilisha mada ukiwa nyumbani kwako bila kudaiwa ada.

Ukilazimika kuhoji watu, barua inatoka chuoni inaenda kwa RAS (Katibu Tawala wa Mkoa), RAS anakuandikia kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkurugenzi kwa mkuu wa idara. Peleka nakala mbili zigongwe mhuri, moja ubaki nayo, na fuatilia kwa miguu usikae kusubiri simu. Kwa wanaofanya kazi halmashauri angalizo moja la muhimu, mwaka unafungwa 30 Juni na hesabu zinatakiwa kwa CAG ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo Julai hadi Septemba usijipangie kutetea proposo wala kukusanya data ofisi za watu, hata wewe mwenyewe hutakuwa na akili. Mimi chapta za mwanzo niliandika Oktoba mpaka Januari, saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili, kabla watoto hawajaamka, kurasa moja au mbili basi.

Supavaiza mtumie kazi ndogo ndogo. Ukimtumia kurasa 80 kwa mpigo atazikalia miezi miwili, ukimtumia 10 na swali mbili zilizoandikwa wazi atakujibu wiki hiyohiyo, na baada ya kila kikao mwandikie meseji fupi "tumekubaliana hivi na hivi", kwa heshima kabisa, maana kuna siku atasahau kwamba yeye ndiye alikwambia utoe kile kipengele. Marejeo yaweke kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, kuanzia siku ya kwanza, ni bure, mimi niliyapanga kwa mkono na wiki mbili za mwisho zikaishia kutafuta mwaka wa makala niliyoisoma sijui wapi.

Ukipita viva utapewa marekebisho. Yafanye mwezi huohuo, usirudi Kigoma ukapumzike kwanza, nina rafiki yangu alirudi kupumzika, amebakiza kurasa nne tu na huu ni mwaka wa pili.