Nyonga na miguu vinapouma usiku wakati wa mimba: namna ya kulala, kugeuka na kuamka

Maumivu yanayokuamsha saa nane ya usiku mara nyingi yameanza saa nne ya asubuhi, pale uliposimama kwenye ngazi za mawe za Kadutu, hapa Bukavu, na bido (jerikani) ya lita 20 mkono mmoja, uzito wote ukiwa juu ya mguu mmoja. Usiku unaleta hesabu tu. Kwa hiyo mto mzuri ni nusu ya dawa, nusu nyingine iko mchana. Tunaanza na mto kwa sababu kulala utalala leo, na maji utachota kesho.

Kwanza ujue ni nini kinauma. Mimba inafanya mwili utoe homoni, mojawapo inaitwa relaksini, zinazolegeza kano zinazofunga mifupa ya nyonga, ili mtoto apate njia. Kiungo cha mbele kwenye mfupa wa kinena, na vile viwili vya nyuma chini ya kiuno, vinaanza kucheza kidogo. Misuli ya matako inajikaza siku nzima kushika kile ambacho kano zimeachia. Karibu mama mmoja kati ya watano anapata maumivu hayo, na yanaongezeka tumbo linapokua.

Kama panapouma ni pembeni, pale kwenye mfupa unaoulalia, tatizo ni mgandamizo, na tandiko ndilo la kurekebisha. Kama ni mbele kwenye kinena, na panachoma unapogeuka au unapoinua mguu mmoja kuvaa nguo, ni kile kiungo cha mbele. Maumivu yanayotoka kwenye tako na kushuka nyuma ya paja kama umeme ni ya neva ya siatiki. Shavu la mguu likikaza ghafla na kuwa gumu kama jiwe, hiyo ni krampe. Na kama hakuna kinachouma hasa, ila miguu inatambaa kama ina wadudu na haitulii mpaka uinuke utembee, fikiria upungufu wa chuma katika damu. Mtu mmoja anaweza kuwa na mawili au matatu kwa pamoja.

Tandiko na mto

Lala ubavu. Kuanzia wiki ya 28 anza usingizi ukiwa ubavuni, kushoto au kulia, vyote ni sawa. Ukilala chali, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ukishituka usiku ukajikuta chali, geuka tu uendelee kulala, hakuna haja ya hofu.

Kosa tunaloliona zaidi ya yote ni mto mdogo uliowekwa kati ya magoti peke yake. Goti linainuka, lakini kifundo cha mguu kinaning'inia chini, na paja lote linajipinda kuelekea ndani. Kiungo cha nyonga kinavutwa hivyo saa sita mfululizo, kisha asubuhi mama anasema mto haukusaidia kitu. Kinachotakiwa ni tegemeo lianzie kwenye goti na lifike mpaka kifundo, ili mguu wa juu ulale sambamba na kitanda kama ubao juu ya meza.

Kununua mto wa pekee si lazima. Chukua blanketi, likunje mara tatu kwa urefu, lizungushe lisikaze sana, ulifunge kwa kipande cha kikwembe (kitenge) katika sehemu mbili. Unene baada ya kulaliwa uwe karibu ngumi mbili zilizopandana, urefu utoke goti mpaka unyayo. Mwenye cherehani anaweza kushona mfuko wa kikwembe wa mita moja na nusu na kuujaza vipande vya sponji au nguo zilizochakaa. Nguo zikatwe vipande vidogo kwanza, la sivyo zinafanya mabonge upande mmoja na katikati panabaki patupu.

Ukishalala, mwombe mtu akuangalie kwa nyuma. Goti la juu likiwa chini kuliko nyonga, mto ni mwembamba. Mwili ukitaka kurudi chali, mto ni mnene mno. Weka kikwembe kilichokunjwa chini ya tumbo, pale linapogusa matela (godoro), kwa unene wa vidole vitatu. Tumbo linaloning'inia ndilo linalovuta kiuno. Mto mwingine mgongoni unakuzuia usirudi chali.

Sasa matela. Ikandamize kwa ngumi mahali unapolaza nyonga: ukigusa mbao, sponji imekwisha. Igeuze upande wa kichwa uende miguuni. Kama bado unazama, weka ubao bapa chini yake, halafu juu tandika blanketi lililokunjwa mara nne kuanzia begani mpaka mapajani. Anayelala chini juu ya mkeka naye atandike blanketi hivyo hivyo. Angalia pia chandarua: mto mrefu unasukuma mguu mpaka ugusane na wavu, na mbu anauma kupitia hapo. Vuta kitanda kutoka ukutani, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya matela.

Kugeuka na kuamka

Wengi wanaumia zaidi wakati wa kugeuka kuliko wakati wa kulala. Mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata, kiungo cha kinena kinakuwa kama mkasi. Fanya hivi: kunja magoti yote mawili, yabane pamoja na mto ukiwa katikati au bila mto, toa pumzi, kaza tako kidogo, kisha geuza mabega, tumbo na magoti kwa mara moja, kama gogo linaloviringishwa. Shuka ya pamba nzito inashika nguo. Kikwembe laini kilichotandikwa chini ya matako kinateleza na kugeuka kunakuwa rahisi.

Kuamka: geuka ubavu kwanza, teremsha miguu yote miwili kwa pamoja ukingoni, sukuma kwa mkono mpaka ukae. Kaa dakika moja kabla ya kusimama. Kuinuka ukiwa chali kwa nguvu za tumbo, acha kabisa. Na kwa kuwa utakwenda kukojoa mara mbili tatu, weka ndoo yenye mfuniko chumbani kama choo kiko nje na mteremko una matope. Katika mvua ya Bukavu hakuna sifa ya kutembea kwenye utelezi saa tisa ya usiku.

Kikwembe kama mkanda

Hii ni ya mchana, na inapunguza deni la usiku. Kunja kikwembe kwa urefu mpaka kiwe na upana wa shubiri moja. Weka katikati yake nyuma, chini kabisa ya kiuno, pale penye mfupa bapa juu ya matako. Leta ncha mbili mbele zikipita juu ya ile mifupa ya pembeni ya nyonga, na ufunge kando, chini ya tumbo. Vidole viwili viweze kuingia kati ya nguo na mwili. Ukiifunga juu ya tumbo, kama tunavyofunga kwenda sokoni, itakupa kiungulia na kukandamiza kibofu bila kushika nyonga. Miguu ikifa ganzi umekaza mno. Vua wakati wa kulala.

Jinsi ya kujua kama inafaa: simama, inua mguu mmoja kidogo, sikia maumivu. Funga, inua tena. Tofauti inapaswa kuonekana papo hapo. Kama haipo, shusha kikwembe vidole viwili na ujaribu upya.

Kuhusu kazi, bido ya lita 20 ni kilo 20. Afadhali bido mbili za lita 5, moja kila mkono, hata kama ni safari nyingi, na bora zaidi bwana au vijana wa nyumbani wachote. Kwenye ngazi, mguu usiouma upande kwanza, wenye maumivu ushuke kwanza, na ikizidi panda kidato kimoja kimoja, miguu ikutane kila kidato. Kufua ukiwa umeinama juu ya beseni lililo chini ni kazi ya mgongo na nyonga kwa pamoja. Pandisha beseni juu ya meza au kiti, kaa. Vaa chupi na sketi ukiwa umekaa. Mama mwenye maumivu ya kinena anaumizwa sana na kupanda moto (pikipiki), kwa sababu anapanua miguu na barabara inamrusha. Kama hakuna taksi, mwambie dereva asimame pembeni ya jiwe au kidato, upande kutoka juu badala ya kurusha mguu.

Nusu saa kabla ya kulala

Simama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini, goti la nyuma limenyooka. Egemea mbele mpaka shavu la mguu livutike. Hesabu polepole mpaka 30, badilisha, mara tatu kila upande. Halafu piga magoti na mikono chini, inua mgongo kama paka anayejinyoosha, rudisha uwe bapa bila kuuachia ubonyee, mara kumi. Kwa anayeumwa tako na mguu: kaa kwenye kiti, weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la mwingine, egemea mbele kidogo, hesabu 30. Lakini kinena kikichoma, zoezi hili la mwisho liache.

Joto linasaidia. Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, izungushie taulo, iweke kwenye tako au kiuno dakika 15 mpaka 20, si kwenye tumbo, na usilale nayo. Usiku wetu huwa na baridi na mtu anashawishika kuingiza mbabula (jiko) ya makala chumbani. Hapana. Moshi wake usioonekana unaua mama na mtoto pamoja.

Krampe ikikushika, usinyooshe vidole kuelekea mbele, hapo ndipo inakaza zaidi. Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea usoni kwako, kwa mkono au kwa kikwembe kilichopitishwa chini ya unyayo, mpaka iachie. Kisha simama utembee kidogo. Blanketi zito linalosukuma vidole chini lina lawama yake pia: lilegeze miguuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unaruhusu pia magnesi au kalsi kwa krampe za mimba. Muulize mzalishaji wako kwenye CPN (kliniki ya wajawazito). Sambaza, wale samaki wadogo unaowala na mifupa yao, wana kalsi ya kutosha kuheshimiwa.

Kwa miguu isiyotulia, vidonge vya chuma na asidi foliki mnavyopewa CPN vimezwe kila siku, pamoja na chungwa au maji, si na chai. Chai ingojee saa moja au mbili. Kinyesi kuwa cheusi ni kawaida. Wengi huvificha kabatini kwa sababu ya kichefuchefu: meza wakati wa kulala, baada ya chakula kidogo.

Dawa

Paracetamol ya mg 500 ndiyo ya kwanza: kimoja au viwili, usirudie kabla saa 6 hazijapita, visizidi 8 kwa saa 24, na kwa siku chache tu. Mwenye uzito chini ya kilo 50 anahitaji kipimo kidogo zaidi, aulize. Diklofenaki, ibuprofeni na indometasini, ambazo duka la dawa linaweza kukupa bila kuuliza kama una mimba, ziache. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na kuelekea mwisho zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake. Sindano ya diklofenaki ni dawa ile ile. Lakini kama daktari amekuandikia aspirini ya kipimo kidogo kwa ajili ya presha, hiyo usiikatishe. Dawa za miti za kunywa au za kupitishia nyuma, hata zikiletwa na mama mkwe kwa nia njema, baadhi zinaamsha uchungu.

Nenda hospitali bila kungoja kuche: mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, una joto, shavu linauma hata ukiwa umetulia. Inaweza kuwa damu iliyoganda, na huo mguu usikandwe na mtu. Ukiongezea kukosa pumzi au kifua kuuma, ni haraka zaidi. Vilevile uso na mikono kuvimba ghafla, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, damu au maji kutoka, mtoto kucheza kidogo kuliko kawaida, homa, mguu kukosa nguvu, ganzi katikati ya mapaja au mkojo kutoroka.

Mwenye maumivu ya kinena ana jambo moja la kuandaa kabla ya siku ya kuzaa. Kaa ukingoni mwa kitanda, panua magoti polepole mpaka pale maumivu yanapoanza, rudi kidogo, na upime nafasi iliyo kati yake kwa kamba. Funga fundo. Kamba hiyo iende na fishi (kadi) ya CPN, na mzalishaji aambiwe kwamba magoti yasipanuliwe kupita hapo bila sababu, na kwamba unaomba kuzaa ukiwa ubavuni au umepiga magoti.