Namna ya kuwazoesha ndege waje kula kwako hapa Dar, kwa chupa unayoitengeneza mwenyewe

Wengi nawaona wanatundika chupa yenye mtama kwenye mwembe, wiki inaisha hakuna ndege aliyegusa, wanasema aah Dar siku hizi zimebaki kunguru tu. Sio kweli. Ndege wapo, amka saa kumi na mbili kabla bodaboda hazijaanza kelele utawasikia wenyewe, shore anaimba, tetere na njiwa, shomoro kwenye bati, minana wanasuka viota kwenye mnazi, chozi anapita kwenye maua ya mgomba. Shida ni kwamba ndege hata awe na njaa vipi hashuki sehemu ambayo hajaona pa kukimbilia, kwa hiyo kazi yako kubwa ni usalama wake, chakula kinafuata baadae. Hilo ukilishika mengine ni madogo.

Kabla sijaendelea, kuna watu wa kule Pugu na Kisarawe wameona Wamarekani wanavyowawekea kulungu mahindi kwenye mapipa yanayojimwaga yenyewe, wanataka wawafanyie hivyo hivyo paa wa msituni. Nawaomba msifanye. Mnyama anayecheua akikutana na mahindi mengi ghafla tumbo linachachuka na anaweza kufa kabisa, alafu akishazoea kuja sehemu moja kila jioni ndo hapo hapo mwenye mtego anamsubiria. Hata huko kwao majimbo mengi yamekataza au yameweka masharti, kwa sababu kulungu wakikusanyika sehemu moja wanaambukizana ugonjwa unaokula ubongo. Tumbili nao waacheni, tumbili akijua kwako kuna chakula kesho anaingia jikoni. Tubaki na ndege.

Sasa chupa yenyewe. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, au dumu la mafuta ya kula la lita tano kama una eneo kubwa, dumu lioshe kwa maji moto na sabuni mpaka harufu ya mafuta iishe alafu likauke kabisa kabisa. Tafuta vijiko viwili vya mbao virefu. Msumari wa inchi nne uweke kwenye jiko la mkaa ushike moto, ushike kwa praizi, toboa tundu kama vidole vinne kutoka chini ya chupa na lingine upande wa pili usawa ule ule, pitisha kijiko kilale, kichwa kimetokeza nje upande mmoja na mpini upande mwingine, ndege atakaa kwenye mpini au kwenye kingo ya kijiko. Cha pili kipitishe juu kidogo kwa kukatisha ili visigongane. Hapa ndo pa kuwa makini, lile tundu la upande wa kichwa cha kijiko lipanue kidogo kwa juu mpaka punje zidondoke zenyewe kwenye kijiko, lisizidi upana wa kidole kidogo, ukilifanya kubwa chakula chote kinamwagika usiku na unakuwa unalisha panya. Chini ya chupa toboa vitundu kwa sindano ya moto maji yatoke, na karibu na shingo toboa viwili vitatu hewa iingie maana kwa joto la huku chupa inatoka jasho ndani na nafaka inaganda. Mfuniko wa ndoo ya zamani utoboe katikati uuvishe shingoni mwa chupa uwe mwavuli, funga waya, tundika.

Sasa kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu sio wa hapa, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe takataka, wakavuka bara na leo ndo wametawala mji, wanakula mayai na makinda ya ndege wengine mpaka inauma kuona. Kama hujajipanga nao usianze kabisa, maana utakuwa umewaita wao alafu wale wadogo watahama hata kwenye miti yako. Mambo mawili yanasaidia. La kwanza usiweke kamwe mabaki ya chakula, sio ukoko, sio ugali, sio mkate, sio vichwa vya dagaa, na funika pipa la taka, kunguru anakuja kwa hivyo vitu zaidi kuliko ulezi. La pili ni kizimba, nunua wavu wa kuku wenye matundu ya inchi moja na nusu, uuviringishe uwe kama tenga la kuku, chupa ikae katikati, funga juu na chini kwa waya wa kufungia nondo, na hakikisha kutoka wavu mpaka kwenye kijiko ni shubiri nzima kila upande, pungufu ya hapo kunguru anaingiza mdomo anadokoa. Shomoro, chiriku na minana wanapenya bila shida. Njiwa na tetere hawapenyi ila usijali, wao wanaokota zinazodondoka chini na ndivyo wanavyopenda. Ncha za waya zikunje zote kwa ndani ya mkunjo, ndege mdogo akikwaruzwa mguu harudi.

Pa kutundika, tafuta sehemu yenye kichaka au michongoma karibu, kama hatua tatu nne hivi. Ikiwa karibu zaidi paka anajificha humo humo anaruka, ikiwa mbali sana ndege anaona njia ndefu ya kukimbia mwewe akitokea. Juu iwe kimo cha mtu aliyeinua mkono. Kama una madirisha makubwa ya vioo weka ama karibu kabisa ndani ya mita moja ama mbali zaidi ya mita kumi, katikati ya hapo akishtuka anaruka kwa kasi na kugonga kioo anakufa. Wa ghorofani kule Upanga au Sinza inawezekana pia, tundika kwenye baraza pamoja na makopo ya maua yenye majani mengi, ila ongea na jirani wa chini kwanza kuhusu maganda.

Chakula sasa. Mahindi mazima hayafai, punje ni kubwa mno kwa ndege wadogo na utakaowavuta ni kunguru. Kama unayo yaparaze yawe chenga. Vizuri zaidi ni mchanganyiko wa uwele, ulezi na mtama, ukiongeza chenga za mchele sio mbaya, soko la Tandale utapata vyote kwa kupima. Muulize muuzaji waziwazi kama nafaka imetiwa dawa ya unga ya kuzuia dumuzi, ikiwa imetiwa usinunue, na mbegu za kupandia zile zilizopakwa rangi ni sumu kabisa hata usizisogeze. Yenye ukungu nayo tupa, sumukuvu sio mchezo, mwaka 2016 Dodoma na Manyara iliua watu kupitia mahindi, sembuse ndege wa gramu kumi. Chumvi hapana, kwa hiyo bisi na karanga za kukaanga za dukani hapana.

Shore hana habari na nafaka. Yeye chomekea kipande cha papai lililoiva sana au ndizi kwenye msumari juu ya tawi, kabla jua halijapanda, na ukitoe mchana kisije kikachacha. Pasa nao watakuja hapo na mikia yao mirefu. Na chozi usimhangaikie na maji ya sukari, kwa joto hili yanachachuka upesi na sisimizi wanajaa, mpandie alovera au haibiskasi na acha maua ya mgomba yaning'inie, atakuja mwenyewe.

Kuwazoesha ndo panapowashinda wengi. Usianze na chupa. Fagia udongo chini ya pale utakapotundika uwe mweupe ili punje zionekane kutoka juu, alafu kila asubuhi mda ule ule, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mwaga kiganja kimoja cha uwele uondoke. Usisimame kuangalia, kaa ndani nyuma ya pazia. Wa kwanza watakuwa shomoro maana wameshazoea watu, na wale wengine wapo juu ya mti wanawaangalia shomoro kama wanadhurika, yani shomoro ndo wanaokufanyia kazi. Wakishakuwa wanashuka bila kusita tundika kizimba kitupu hapo juu, kiache siku kadhaa wakizoee kinavyocheza na upepo, ndo uweke chupa ndani na unyunyize punje kidogo kwenye vijiko zionekane. Hapo punguza zile za chini polepole, usizikate ghafla. Na usihamishe chupa kila siku kwa sababu unaona wanachelewa, ukiihamisha umewarudisha mwanzo. Sauti ya mlango, mbwa, watoto kucheza, hivyo wanavizoea vyote mradi viwe vya kila siku, kinachowakimbiza ni kitu kipya.

Maji yanavuta ndege kuliko hata chakula, hasa Januari na Februari jua likiwa kali. Sahani ya udongo isiyo na kina, weka jiwe katikati wapate pa kusimama. Maji yamwage na kusugua sahani kila siku, sio kuongezea juu, mbu wa dengue anataga kwenye maji kama hayo na Dar tumeshapigwa na dengue mwaka 2014 na 2019.

Wenye kuku nisikilizeni hapa. Njiwa na ndege wengine wanaweza kuleta kideri bandani kwako, au kuku wako wakawapa wao. Chupa iwe mbali na banda, ndege wasifikie pumba za kuku, na chanjo ya kideri usiikose kila miezi mitatu. Ukiona njiwa shingo imepinda, anazunguka sehemu moja, au ndege amekaa amevimbisha manyoya na hakimbii ukimsogelea, toa chakula chote siku hiyo hiyo, osha kila kitu kwa maji moto na sabuni, anika juani, kaa wiki mbili bila kuweka. Kawaida osha mara moja kwa wiki hata kama hakuna anayeumwa.

Panya wanakuja kwa mabaki ya usiku tu. Weka kiasi kinachoisha kabla ya saa kumi na mbili jioni, fagia chini, basi. Sisimizi, paka grisi kidogo kwenye waya wa juu kabisa, usiguse sehemu ambayo ndege atakanyaga au kugusisha bawa.

Watoto wa mtaani waiteni muwaeleze mapema, maana manati na ulimbo vipo na sehemu yenye ndege wengi inajulikana haraka. Wape kazi ya kuhesabu aina za ndege, wengi wanapenda. Na wakubwa pia, kumlisha ndege sio ruhusa ya kumkamata, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Kama unaishi karibu na mashamba ya mpunga au mtama mimi nakushauri uache kabisa zoezi hili, mkulima anahangaika kufukuza ndege toka alfajiri sio vizuri wewe ukawa unawakusanya jirani yake.

Masika ikianza, Machi mpaka Mei, watapungua, usidhani umekosea kitu, majani yanatoa mbegu kila mahali na wadudu wamejaa kwa hiyo wana vyakula vyao. Weka kidogo sana na ubadilishe kila siku maana nafaka iliyolowa inaota. Wakati mzuri wa kuanza ni Agosti na Septemba, majani yakiwa makavu. Ukisafiri mda mrefu mwachie jirani au shusha chupa, ioshe na uianike, mji una vyakula vingine hawatakufa njaa, ukirudi anza tena kwa kumwaga uwele chini kwanza.