PV ya rulaje Lubumbashi: mwone mwanasheria kabla ya kulipa amande

Madereva wengi walioandikiwa PV ya rulaje, yaani karatasi ya polisi ya kosa la barabarani, hupoteza kesi zao kabla ya kumwona mwanasheria yeyote. Wanalipa kwanza, halafu ndipo wanaanza kutafuta ushauri. Tatizo liko katika kifungu cha 9 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 1959. Kifungu hicho kinamruhusu OPJ (« officier de police judiciaire », ofisa wa polisi anayechunguza makosa), akiona kwamba hata hakimu angeishia kutoza pesa tu, amwite mtu alipe amande (faini) ya mapatano. Kwenye karatasi utaiona kama « amende transactionnelle ». Ukishailipa, mashitaka yanazimika, isipokuwa parke (ofisi ya mwendesha mashitaka) yenyewe iamue kuyaendeleza. Hakuna tena dosye mezani, na avoka hata awe hodari namna gani hana pa kushika.

Lakini amande hiyo ni pendekezo tu. Si hukumu, na unaweza kulikataa. Ukikataa, dosye inatakiwa ipande parke, na ikifika mahakamani inasikilizwa na tribinali ya amani, yaani Tripaix, ambayo kwa sheria ya mahakama ya mwaka 2013 inahukumu makosa yasiyozidi miaka 5 ya kifungo. Kwa hiyo ushauri unatafutwa katika siku zile chache kati ya PV na malipo. Ukizipitisha, umekwisha kuchagua.

Kuna mambo mawili yasiyoingia hapa. Kama mtu ameumia au amefariki, usijaribu njia hii ya PV na amande: hiyo ni kesi nyingine kabisa, tafuta avoka siku hiyohiyo. Na kama ugomvi ni wa viniyeti tu, huo ni ugomvi wa kodi ya jimbo, unapelekwa kwa DRHKAT, ofisi ya mapato ya jimbo, si Tripaix. Madereva huchanganya hivyo viwili kwa sababu karatasi zote huombwa na polisi yuleyule, njia panda ileile.

Pale barabarani

Toa permi, karte rozi (karatasi ya usajili wa gari), asiransi na kontrole tekiniki bila kubishana. Kisha sema kwa sauti ya kawaida: « Chefu, naomba uniandikie PV, na jina lako na matrikili yako vionekane. » Matrikili ni namba yake ya kazi. Usitukane, usimguse. Kumtukana ofisa aliye kazini ni kosa la peke yake, tena zito kuliko taa nyekundu uliyotuhumiwa nayo, na avoka atalazimika kutumia nguvu zake huko badala ya kwenye kesi yenyewe.

Si kila polisi wa rulaje ni OPJ. Anayekusimamisha anaweza kuwa ajenti tu, na PV ikaandikwa na OPJ ofisini. Ndiyo maana majina yote mawili yanahitajika: aliyeona kosa na aliyeandika. Pesa usimpe mtu mkononi. Malipo ya Hazina hufuata « note de perception », yaani karatasi ya kudai malipo, na hulipwa benki, nawe unabaki na uthibitisho.

Piga picha za mahali, si za polisi: kibao cha alama na mti unaokifunika, taa isiyowaka, mistari iliyofutika, gari lako pale liliposimama. Simu inahifadhi saa ya picha yenyewe. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa sababu kibao kinaweza kupakwa rangi upya wiki ijayo, na ushahidi wako ukawa umefutwa na brashi.

Wakichukua permi, plake au gari, hicho nacho kinataka karatasi yake, PV ya kukamata (« procès-verbal de saisie »), inayotaja kilichochukuliwa na hali yake. Kwa gari, soma pamoja nao: mafuta kiasi gani, redio, gurudumu la akiba, mikwaruzo. Usiache furiyeri (yadi ya magari yaliyokamatwa) ikapokea gari ambalo halikuelezwa.

Isomwe kwa Kiswahili kabla ya kusaini

PV huandikwa kwa Kifaransa, na hapa ndipo watu wengi wanaumia: wanasaini maneno yao wenyewe wasiyoyaelewa. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 19 kinakupa haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi uliyemchagua, katika ngazi zote za kesi ya jinai, pamoja na uchunguzi wa polisi. Kwa hiyo avoka anaweza kukaa nawe hata mbele ya OPJ. Usikubali kuambiwa kwamba avoka ni wa tribinali tu. Na kama wamekuzuia, mwisho wa kuzuiliwa na polisi ni saa 48. Zikiisha, uachiliwe au ufikishwe mbele ya mamlaka ya sheria.

Mwombe OPJ akusomee PV yote kwa Kiswahili. Tafuta hasa sentensi za « reconnaît » au « ne conteste pas ». Hayo ni maneno ya kukiri. Kama hukukiri, omba yarekebishwe mbele yako. Akikataa, una haki ya kutosaini. Afadhali PV isiyo na sahihi yako kuliko yenye sahihi na uongo ndani.

Chukua mfano wa PV inayosema: « chaussée de Kasenga, refus d'obtempérer, véhicule Toyota blanc », basi, yaani ulikataa kusimama, gari Toyota nyeupe. Chaussée de Kasenga ni ndefu; ni mbele ya nini, upande upi? Saa ngapi? Toyota nyeupe ziko ngapi mjini, na namba ya plake iko wapi? Nani alikuonyesha ishara ya kusimama, na alikuwa amesimama wapi? Mwishoni pawe na kiapo cha OPJ: « Je jure que le présent procès-verbal est sincère », yaani anaapa kwamba PV hiyo ni ya kweli. Kama hakipo, kizungushie kalamu kwenye kopi yako umwonyeshe mwanasheria. Hakimu anapima kilichoandikwa, na kasoro ndogo nne katika karatasi moja zinaweza kusaidia zaidi kuliko hotuba ndefu.

Nani wa kumwendea

Kuna avoka na kuna defanseri jidisiyeri. Avoka yuko kwenye baro (chama cha maavoka), iliyounganishwa na mahakama ya rufaa. Kwa sisi ni baro ya Haut-Katanga. Defanseri yuko chini ya tribinali ya grande instance, na anatetea huko na Tripaix. Kesi ya rulaje huanza Tripaix, na rufaa yake huenda grande instance, kwa hiyo defanseri anaweza kukufikisha mpaka mwisho wa rufaa, mara nyingi kwa ada nafuu zaidi. Kwa PV ya kawaida, kuanza na defanseri kunatosha.

Usimchukue mtu anayekufuata mlangoni pa jumba la sheria akisema « nitakutengenezea ». Avoka ana karte na namba ya ONA (« Ordre national des avocats »), omba kuiona. Kama una shaka, uliza sekretariati ya baro kama jina hilo limo kwenye orodha. Hakuna avoka mkweli atakayekasirika kwa hilo.

Kuhusu ada, ulizia kwanza bei ya ushauri peke yake, kisha bei ya kusimamia kesi yote. Ni vitu viwili tofauti. Bei iandikwe, na kila franka unayotoa uipatie risiti yenye jina lake.

Kama huna pesa: BCG, na karatasi inayochelewesha watu

Kila baro ina ofisi ya ushauri wa bure, « Bureau de consultations gratuites », BCG kwa kifupi. Imewekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Ushauri wa mara moja ni rahisi kuupata. Ukitaka wakupe avoka wa kusimama nawe tribinalini, watakutaka uthibitishe hali yako, na hapo ndipo siku zinapotea.

Karatasi yenyewe ni « attestation d'indigence », cheti cha kutokuwa na uwezo. Anza kwa chefu wa kartie yako akuandikie kwamba unakaa pale, kisha nenda komini, kwenye huduma ya mambo ya jamii. Iwe komini unayolala, si unayofanyia kazi. Dereva anayekaa Katuba akiomba Kampemba kwa sababu ndipo paking yake ilipo atarudishwa, na siku hiyo imepotea. Jina lifanane herufi kwa herufi na karte ya uchaguzi, kwa sababu ndiyo kitambulisho watakachotumia. « Kabwe » kwenye karte na « Kabwé » kwenye attestation ni sababu ya kurudishwa foleni.

Kikwazo kingine kinawahusu madereva wa taksi-bisi na wa taksi. Mtumishi ataona kesi ya gari na kusema: mwenye gari si maskini. Kama gari si lako na unaishi kwa kutoa versema (pesa ya mwenye gari) kila siku, jitayarishe kuonyesha hivyo. Leta kopi ya karte rozi yenye jina la mwenye gari, na barua fupi kutoka kwake inayosema wewe ni dereva wake. Bila hizo mbili utabaki unaeleza kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayaingii katika dosye.

Peleka BCG kopi mbili za kila kitu: PV, PV ya kukamata kama ipo, karte ya uchaguzi, permi, attestation, na picha zikiwa zimechapishwa. Picha za simu peke yake haziwezi kubanwa kwenye dosye. Asili zote baki nazo wewe. Na kumbuka kwamba bure ni kazi ya avoka. Pesa ya kopi na ya usafiri bado ni juu yako.

Maswali ya kumuuliza mwanasheria

Muda wa ushauri ni mfupi, ingia na maswali yaliyoandikwa. Kosa hili liko kifungu gani cha sheria ya barabara, ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978? Amande yake ya juu leo ni ngapi? Swali hili lina uzito, kwa sababu sheria hiyo iliandikwa wakati wa zaire, kabla ya franka yetu ya sasa, na OPJ haruhusiwi kudai zaidi ya kiwango cha juu cha kosa lenyewe pamoja na nyongeza za kisheria. Kama umedaiwa zaidi, tayari una hoja.

Kisha uliza: kosa ni la dereva au la gari? Asiransi iliyoisha, matairi na breki vinamhusu pia mwenye gari, na pengine ni yeye anayepaswa kuwa amekaa kwenye kiti cha mshitakiwa karibu nawe. Mwisho mwombe akuambie bila kukupaka mafuta: kupigana kuna faida? Kama kweli ulipita taa nyekundu na PV haina kasoro, kulipa benki na kuondoka na uthibitisho ni uamuzi mzuri. Mwanasheria anayekuambia hivyo amekusaidia.

Ukikataa kulipa

Andika barua fupi kwa OPJ, au mwanasheria wako aiandike: unakataa amande ya mapatano, unaomba dosye ipelekwe parke, unaomba vitu vilivyokamatwa virudishwe. Kopi ya pili igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni sawa na ambayo haikuandikwa.

Baada ya hapo kunaweza kuwa kimya. Usidhani imeisha, wala usikae na hofu miaka yote: kosa linaloadhibiwa kwa amande tu, au kwa kifungo kisichozidi mwaka 1, linazeeka baada ya mwaka 1, yaani halishitakiwi tena, ila hatua za uchunguzi zinaweza kukatiza hesabu hiyo. Wisye (mjumbe wa mahakama) akileta « citation », yaani wito wa mahakama, kati ya siku uliyoipokea na siku ya kusikilizwa panapaswa kuwa na siku 8 kamili. Mpelekee mwanasheria siku hiyohiyo. Kama kosa halizidi kifungo cha miaka 2, avoka mwenye « procuration spéciale » anaweza kukuwakilisha usipoweza kufika, lakini nguvu hiyo ya maandishi aipate kabla ya siku ya kesi.

Ukihukumiwa bila kuwapo, una siku 10 za kufanya opozisyo (kupinga hukumu hiyo) tangu karatasi ya hukumu ikufikie mkononi. Ukihukumiwa ukiwapo, una siku 10 za kukata rufaa tangu hukumu isomwe. Rufaa inaandikishwa kwenye grefe (ofisi ya karani wa mahakama), si kwa kumwambia mwanasheria kwa simu. Siku ya kumi na moja mlango umefungwa.

Kama shida yako ni polisi mwenyewe, kwa mfano amechukua pesa au amekupiga, hilo ni lalamiko lingine. Polisi wa taifa wanahukumiwa na mahakama za kijeshi, kwa hiyo linapelekwa oditora ya kijeshi (parke ya mahakama za kijeshi), si parke ya kawaida. Usilichanganye na utetezi wa PV katika barua moja; kila ofisi itaituma kwa mwenzake.

Ukishinda, omba grefe ikupe kopi ya hukumu, maana bila hiyo furiyeri haitafungua geti. Nenda na mwenye gari kama karte rozi ina jina lake, na PV ya kukamata mkononi. Kagua mafuta, redio na gurudumu la akiba kabla ya kusaini kwamba umepokea.