Mionzi kwa Saratani ya Ini Wakati Ini Limechoka: Mwongozo kwa Familia za Mtwara na Lindi

Familia ikielezwa kwamba mzee wao ana saratani ya ini, swali la kwanza huwa ni ukubwa wa uvimbe. Daktari wa mionzi huanzia kwingine: hutaka kujua ini lililobaki lina nguvu kiasi gani. Mwenye uvimbe wa sentimita tano katika ini ambalo bado linafanya kazi vizuri anaweza kupewa mionzi mikali, ilhali mwenye uvimbe wa sentimita tatu katika ini lililojaa makovu akaambiwa kwamba mionzi hiyo hiyo itamuua kabla ya saratani. Saratani hii mara nyingi huota juu ya ini ambalo homa ya ini B au pombe imelidhoofisha kwa miaka mingi, na mionzi, hata ikilengwa kwa ustadi, haina budi kupita kwenye nyama ya ini iliyo kando ya uvimbe. Kwa hiyo kazi kubwa ya familia iko nyumbani, kabla ya safari ya Dar es Salaam: kulipima ini na kulitunza.

Anzeni na vipimo. Katika hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Ligula mjini Mtwara au Sokoine mjini Lindi, au katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, mwombeni daktari awapangie daraja la Child-Pugh, yaani kipimo cha nguvu ya ini, ambalo hujengwa kwa mambo matano, kila moja likipewa alama 1 hadi 3. Bilirubini, ambayo ndiyo huleta manjano, hupata alama 1 ikiwa chini ya mikromoli 34 kwa lita, 2 ikiwa kati ya 34 na 50, na 3 ikizidi hapo. Albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, hupata 1 ikizidi gramu 35 kwa lita, 2 ikiwa kati ya 28 na 35, na 3 ikishuka zaidi. Muda wa damu kuganda, unaoandikwa INR, hupata 1 ukiwa chini ya 1.7, 2 ukifika hadi 2.3, na 3 ukizidi. Mawili yaliyobaki hayatoki maabara: maji tumboni, na akili kuchanganyikiwa kwa sababu ya ini. Jumla ya 5 au 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, na 10 hadi 15 ni C.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mkulima wa korosho wa Tandahimba mwenye bilirubini 41, albumini 30, INR 1.4, tumbo lililojaa maji mengi na akili timamu. Alama zake ni 2, 2, 1, 3 na 1, yaani 9. Akianza dawa za homa ya ini B, akaacha pombe, akapewa dawa za kupunguza maji, na baada ya wiki kadhaa bilirubini ikashuka hadi 30 na maji yakabaki kidogo, alama za bilirubini na za maji zinashuka kwa moja moja, na jumla yake inakuwa 7. Uvimbe ni ule ule, lakini mlango wa mionzi uliokuwa umefungwa sasa umefunguka kidogo. Si kila ini hurudi hivyo, na saratani nayo haimsubiri mtu. Iwapo manjano yametokana na uvimbe kuziba njia ya nyongo, au maji yametokana na uvimbe kuingia katika mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini, kungoja peke yake hakutasaidia. Mwulizeni daktari chanzo ni kipi.

Katika kulitunza ini, jambo la kwanza ni kipimo cha homa ya ini B. Aliyenayo huhitaji dawa ya kufubaza virusi, kwa kawaida tenofovir, kabla ya mionzi, kwa kuwa virusi vinaweza kuamka wakati wa tiba na kuliangusha ini ambalo mionzi yenyewe ingeliacha. Pombe iachwe yote, na hapa niseme wazi kwamba uraka haupati msamaha kwa sababu umetoka kwenye mabibo ya shambani, wala gongo haiwi dawa. Dawa za kienyeji za kusafisha ini zisimamishwe, na zile alizokwisha kunywa zitajwe kwa daktari bila aibu. Kwa maumivu, diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe kwa sababu huumiza figo na huweza kusababisha kutokwa damu tumboni. Parasetamoli inafaa zaidi, ila kwa ini dhaifu mara nyingi haizidishwi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500.

Mwenye maji tumboni apunguze chumvi, na hilo kwa watu wa pwani lina maana ya kuagana na ng'onda. Asinyimwe samaki wabichi, mayai wala kunde, kwani ile imani kwamba mgonjwa wa ini asile vyakula vya kujenga mwili imewakondesha wengi bila faida. Tena ale kitu kidogo kabla ya kulala. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, maana sumu kuvu iliyomo ni miongoni mwa visababishi vya saratani hii, na watoto nao wanakula chungu hicho hicho. Akianza kulala mchana na kukesha usiku, au mkono uliokuwa ukiandika jina lake vizuri ukaanza kuparaza, huo ni mchanganyiko wa akili unaoanza. Apelekwe hospitali, atazamwe kama ana maambukizi, damu tumboni au choo kigumu, na huenda akapewa laktulosi, dawa ya kulainisha choo.

Kwa daraja A, mionzi ya kulenga kwa vipindi vichache, mara nyingi vitatu hadi vitano, ni chaguo linalokubalika iwapo upasuaji au kuunguza uvimbe haviwezekani. Kwa alama 7, hutolewa kwa tahadhari na dozi hupunguzwa. Kuanzia 8, hatari ya ini kushindwa hupanda sana, na kwa daraja C mionzi ya kuua uvimbe kwa kawaida haitolewi, isipokuwa kwa mgonjwa anayesubiri kupandikizwa ini. Mpangaji wa mionzi pia hupima ujazo wa ini litakalonusurika. Kipimo kinachotumika sana ni angalau mililita 700 za ini lisilo na uvimbe zisizopata dozi kubwa.

Hata hivyo daraja baya halimaanishi kwamba mionzi haina la kufanya. Kwa mgonjwa ambaye ini lililovimba linamuuma, kipindi kimoja tu cha grei 8 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi), kikitanguliwa na dawa ya kuzuia kutapika, kinaweza kumtuliza. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa mwezi mmoja baadaye maumivu yalipungua kwa asilimia 67 ya waliopata mionzi hiyo, dhidi ya asilimia 22 ya waliopata matunzo ya kawaida peke yake. Kwa hiyo mwulizeni daktari kwa maneno haya: "Daktari, mionzi hii ni ya kuua uvimbe au ya kumpunguzia mzee maumivu?" Jibu lake ndilo litakaloamua kama safari na gharama vinastahili.

Safari ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, ina kilomita zaidi ya 550 kutoka Mtwara, na wakati wa masika ulizieni hali ya barabara; Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, njia ilikatika eneo la Somanga. Bebeni barua ya rufaa, kadi ya bima, majibu yote ya damu na picha za siti skani zenyewe katika diski, si ripoti ya karatasi peke yake. Kama amewahi kutapika damu, lisemwe mapema, kwa kuwa mishipa ya koo la chakula hutakiwa kutazamwa kwa kamera. Kama tumbo limejaa, maji yatolewe kabla ya picha ya kupanga mionzi, maana yakiongezeka au kupungua baadaye ini huhama mahali pake na mionzi ikakosa shabaha. Atafundishwa pia kupumua kwa utaratibu au kubana pumzi, kwani ini hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Afanye mazoezi ya pumzi hizo akiwa kitandani nyumbani.

Akirudi, msilegee. Ini lililoumizwa na mionzi hujitokeza kati ya wiki mbili na miezi minne baadaye, kwa maji kujaa, manjano au uchovu usioelezeka, hivyo vipimo vya damu virudiwe kila mwezi katika hospitali ya mkoa na kulinganishwa na vya kabla ya tiba. Alama za Child-Pugh zikipanda kwa 2 au zaidi, wapigieni waliomtibu siku hiyo hiyo. Picha ya kwanza ikionyesha uvimbe ungali pale, msikimbilie kusema tiba imeshindwa: uvimbe uliopigwa mionzi ya kulenga unaweza kuchukua miezi sita au zaidi kabla ya kusinyaa.